Stata Tatu, Waya Mmoja: Kisa cha Mkonga wa Igombe

Gari ni Land Cruiser mkonga, HZJ75, injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2. Mwenye gari ni mama anayenunua dagaa kwenye mialo ya Igombe na Kayenze, na biashara ikikubali huvuka hadi upande wa Sengerema. Lilifika gereji, Nyakato hapa Mwanza, likivutwa kwa kamba nyuma ya Fuso, na maelezo yaliyokuja nalo yalikuwa mafupi: stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, ya tatu imekufa. Mama hakutaka hadithi. Alitaka nimtafutie ya nne, safari hii mpya ya kwenye boksi, aachane na mitumba.

"Shikamoo mama. Kabla hatujanunua, naomba nilipime kwanza."

"Marahaba mwanangu. Pima tu, ila wote walionitia hasara walipima."

Walipima kweli, kila mmoja kwa balbu yake. Balbu inakuambia umeme upo. Haikuambii kama unatosha, na kwa stata ya dizeli swali ni hilo la pili.

Injini hii hubana hewa kwa uwiano wa zaidi ya 22 kwa 1, wakati petroli nyingi za umri wake ni 9 au 10 kwa 1. Haina plagi ya cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na ukiizungusha injini kivivu hewa hiyo haipati joto la kutosha: nyingine inavuja pembeni ya ringi za pistoni, na joto lingine linanyonywa na kuta za silinda kabla mafuta hayajaingia. Kwa hiyo stata yake inatakiwa kuzungusha kwa kasi, si kuzungusha tu, na ili ifanye hivyo inavuta mamia ya ampea. Mkondo ukiwa mkubwa hivyo, kasoro ya waya ambayo taa na honi haziioni kabisa inatosha kuliacha gari mchangani.

Nilimwomba dereva anisimulie tangu ubovu ulipoanza, kwa mpangilio, bila kuruka hata kile anachoona hakihusiki.

Stata ya kwanza ilikuwa ile iliyotoka na gari. Ilianza kwa kugonga "tak" moja bila kuzungusha. Unarudisha ufunguo, unajaribu tena, mara inashika. Mtu akasema betri. Ikanunuliwa N100 mpya, na "tak" ikabaki palepale. Ndipo ikatafutwa stata ya mtumba. Iliyopatikana ilifanana na ya zamani kwa kila kitu, boliti zikaingia, meno yakashika, lakini injini ikawa inazunguka kwa kujikokota na kuwaka ni bahati. Wakaambiwa betri mpya haijajaa chaji. Wakaichaji. Hali ileile. Mwishowe fundi mmoja akakwangua rangi iliyopakwa juu ya bamba la ile stata, akakuta imeandikwa 24V.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana mtego huu unawanasa wengi. Land Cruiser za familia hii zipo za umeme wa 12V na zipo za 24V, na stata zake kwa nje zinakaribiana kiasi cha kumchanganya hata muuzaji mwenye nia njema. Stata ya 24V ukiilisha volti 12 inapata nusu ya volti na, kwa waya zake zilezile, nusu ya mkondo. Kwa hesabu hiyo nguvu inabaki kama robo. Itazunguka, ndiyo, na kwa sababu inazunguka kila mtu atatafuta ubaya kwingine. Kinyume chake ni hatari zaidi: ya 12V kwenye gari la 24V inazungusha kwa fujo, kila mtu anasifia, kisha inaungua. Bamba lisilosomeka ni sababu tosha ya kuiacha stata hapo hapo kwenye meza ya muuzaji. Na bamba lililopakwa rangi halikupakwa ili lipendeze.

Stata ya tatu, nayo mtumba, ilikuwa ya 12V halali. Gari likawaka vizuri, mama akatulia, biashara ikaendelea. Baadaye klachi ikaisha. Giaboksi likashushwa, klachi pleti ikabadilishwa, likarudishwa. Dereva aliitaja klachi kwa kupitiliza, akaongeza mwenyewe: "Ila hiyo haihusiani na umeme." Nikamuuliza stata ilianza kuchoka lini. Akafikiri. Baada ya klachi. Kwanza ilizungusha taratibu asubuhi, kisha ikaanza kulia ta-ta-ta-ta, mwishoni ikabaki "tak" moja na kimya.

Kilichofanya tatizo likae muda mrefu bila kushughulikiwa ni jiografia. Mwanza ni mji wa vilima na mawe, na mtu mwenye stata mbovu hapa anaweza kuishi nayo raha mustarehe kama anajua kuegesha. Dereva alilaza gari Kitangiri kwenye mteremko, asubuhi anaachia breki, anaingiza gia ya pili, anaachia klachi, limewaka. Mjini vilevile, kila anaposimama anatafuta mteremko kwanza, mteja baadaye. Alifika mahali pa kukwepa kivuko cha Kamanga, kwa sababu kivukoni unaambiwa uzime injini, na kushindwa kuwasha wakati wa kushuka, na foleni nzima nyuma yako, si jambo la kujaribu mara mbili. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 alikuwa anazunguka kwa Usagara kwenda Sengerema, anateketeza dizeli ya ziada, kisa stata. Mama hakujua hilo mpaka siku ile. Sura yake ilionyesha.

Mwaloni hakuna mteremko wa kukusaidia. Pale Igombe gari linasimama mchangani, limebeba magunia, na vijana wakisukuma miguu yao ndiyo inayozama. Huko ndiko lilikogoma moja kwa moja.

Sasa vipimo. Nilitumia multimita ya kawaida, ile ya bei ya chini ambayo kila fundi umeme anayo, na dereva akakaa kwenye usukani, gia huru, breki ya mkono juu.

Betri ikiwa imetulia: volti 12.5. Nzuri. Ufunguo umeshikiliwa kwenye kuwasha, stata imegonga "tak" na kunyamaza: 12.3. Namba hii ya pili wengi wanaifurahia ("unaona, betri haishuki, ni nzima"), lakini inasema jambo jingine kabisa. Stata ikifanya kazi, betri lazima ishuke, mara nyingi hadi karibu na volti 10. Isiposhuka, maana yake mkondo mkubwa haujatoka. Kuna mahali njia imekatika.

Waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye solenoidi (swichi ya sumaku ya stata), alama 50: volti 11.4 ufunguo ukishikiliwa. Hapo hakuna deni. Swichi na fyuzi ziko salama. Nati kubwa ya waya wa betri, alama 30: 12.2. Nati ya pili, ile inayopeleka umeme ndani ya mota, alama C: karibu na sifuri. Umeme unafika mlangoni kwa solenoidi na hauingii ndani. Hapo jibu la nusu ya kwanza lilikuwa limepatikana.

Kwa wasioijua kazi ya solenoidi: ina koili mbili. Ukizungusha ufunguo zote mbili zinavuta bomba la chuma ambalo linasukuma pinyoni, gia ndogo ya stata, ishike meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na mwisho wa safari yake sahani ya shaba iliyo kwenye bomba hilo inaunganisha vipande viwili vya shaba, kimoja cha betri, kimoja cha mota. Sahani ikigusa, koili ya kuvuta inapata volti sawa pande zote na kuacha kazi, inabaki ile ndogo ya kushikilia. "Tak" moja ni bomba limefika ila shaba hazipitishi. "Ta-ta-ta-ta" ni habari nyingine: shaba zimegusa, mota imevuta mkondo, volti zimeanguka, koili ya kushikilia imeshindwa, bomba limerudi, volti zimepanda, bomba limekwenda tena. Kila ta ni cheche juu ya shaba. Kwa hiyo gari hili lilipokuwa linalia ta-ta-ta-ta lilikuwa linajichoma lenyewe kidogo kidogo hadi lilipobakiwa na "tak". Sauti mbili, magonjwa mawili, na moja lilimzaa mwenzake.

Nikapima kitu cha mwisho kabla ya kuingia chini. Ncha moja ya multimita kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, ufunguo umeshikiliwa. Volti 0.4.

Ni ndogo, na fundi mwenye haraka ataipita. Lakini wakati ule mota ilikuwa imelala. Kilichokuwa kinavuta ni koili za solenoidi tu, makumi machache ya ampea. Kwa mkondo mdogo hivyo, kati ya injini na hasi ya betri ilitakiwa nione kitu cha kukaribia sifuri. Nikaiandika kwenye kadi ya kazi, nikaizungushia duara.

Na wakati napapasa nyuma ya injini kwa tochi nikakutana na kebo ya akseleta. Ganda lake la plastiki, karibu na ukuta wa kabini, lilikuwa limeyeyuka na kuganda tena. Ekzosti haipo karibu kiasi cha kuliyeyusha. Nikamwita dereva aone. Akasema kweli akseleta imekuwa nzito siku hizi, alidhani ni vumbi.

Tukatoa stata. Hasi ya betri kwanza, na si kwa mapambo: waya mnene wa stata hauna fyuzi, uko hai saa zote, na spana ikiugusa huku imeegemea chasi utapata shoo ya kuchomelea ambayo hukuilipia. Boliti zilikuwa na matope yaliyokauka ya ziwa, zikahitaji mafuta ya kulainisha na subira. Stata ya dizeli ni nzito. Mkono mmoja uwe chini yake kabla boliti ya mwisho haijaachia, maana chini yake ni uso wako.

Mezani nikaunganisha nati ya C moja kwa moja na betri, mota ikazunguka kwa afya. Hilo halithibitishi mengi. Stata isiyobeba mzigo inavuta sehemu ndogo tu ya mkondo inaouvuta kwenye injini, na hata iliyochoka inaweza kukuonyesha mbwembwe mezani. Imewauza watu wengi, mbwembwe hiyo. Mimi nilitaka tu kujua kama waya za ndani hazijakatika.

Stata hizi za Denso ni za kupunguza kasi: mota ndogo inayozunguka haraka, halafu gia za ndani zinashusha kasi na kuongeza nguvu kabla ya kufika kwenye pinyoni. Ukitenganisha kichwa cha solenoidi angalia gololi ya chuma iliyo kati ya bomba na shafti ya pinyoni. Inateleza na kuanguka bila sauti kwenye grisi, na ukiirudisha stata bila hiyo pinyoni haitasukumwa ipasavyo. Nimeletewa stata za namna hiyo zikiwa zimehukumiwa kifo.

Ndani: kaboni zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka bado ndefu, komyuteta zinayoigusa safi, beringi hazina mchezo. Shaba mbili za solenoidi ndizo zilizokuwa zimeliwa, ya upande wa betri ikiwa imebaki kama ukingo uliochongwa, na sahani ya bomba ilikuwa na mashimo meusi mzunguko mzima. Palikuwa pia na alama ya maji, mstari wa tope laini chini ya nyumba ya solenoidi. Sikushangaa. Mkonga huu hurudishwa nyuma majini kuvuta mitumbwi, na stata ya moto ikizamishwa kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya unyevu kupitia kila mwanya. Lakini maji yasingechimba shaba namna ile. Hiyo ilikuwa kazi ya cheche.

Shaba mpya mbili na bomba lake jipya vinauzwa, na bei yake haifiki hata karibu na bei ya stata. Kuzifunga kunadai utulivu zaidi kuliko nguvu. Zile washa za kuhami zirudi kwa mpangilio uleule, maana ukikosea, boliti ya betri inagusa nyumba ya stata na umetengeneza shoti ya moja kwa moja. Shaba zote mbili zikae usawa mmoja ili sahani izifikie kwa pamoja. Moja ikiwa juu, ndiyo itakayobeba cheche zote. Kabla ya kufunga nilipima kati ya boliti ya alama 30 na ganda la stata: hakuna mawasiliano. Ndipo nikaamini.

Kwa desturi ya gereji nyingi kisa kingeishia hapa. Stata imefufuka, gari linawaka, lete hela. Na kwa kweli nilipoirudisha na dereva kuzungusha ufunguo, lilizungusha. Taratibu, kwa kunung'unika, lakini lilizungusha, na baada ya muda likawaka. Mama alishaanza kufungua pochi.

Sasa ndipo kipimo cha maana kinawezekana, kwa kuwa sasa mkondo mkubwa unapita. Stata iliyokufa huificha ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, na huu ndio uzito wa kisa chote. Wale walionitangulia walipima ethi wakati stata haivuti, wakaikuta nzuri. Injini ikizungushwa, waya wa kuzimia dizeli ukiwa umechomolewa ili isiwake, nilisoma hivi: kwenye vichwa vya betri volti 11.0, zilizopotea njiani upande wa chanya, 0.3, zilizopotea kati ya injini na hasi ya betri, 3.1. Toa, na stata ilikuwa inabakiwa na 7.6. Kwa mkondo ninaoukadiria ampea 250, zile volti 3.1 ni kama wati 775 za joto, na joto hilo lilikuwa linatokea mahali fulani kwenye njia ya kurudi.

Tulikuwa tumeshaliona lilikotokea. Umeme unaotoka kwenye chanya lazima urudi kwenye hasi, na ukikosa njia yake halali unapita popote penye chuma: kebo ya akseleta, mabomba, ekzosti. Ni sawa na kuujaza uwanja wa CCM Kirumba halafu kuwatoa watu wote kwa mlango wa walinzi.

Nilichukua waya wa kuboostia, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Dereva akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka mpaka dereva mwenyewe akacheka. Jaribio hili halina gharama, linafanyika popote, hata mwaloni, na linajibu swali moja kwa uhakika: njia ya kurudi ni mbovu au si mbovu.

Kilichobaki ni kutafuta kwa nini. Ukifuata waya wa hasi kutoka kwenye betri ulikuwa mfupi, mwembamba, ukiishia kwenye boliti ya bodi, sentimita chache kutoka pale. Gari hili hasi yake inatakiwa ifike kwenye injini. Dereva akakumbuka: ile N100 mpya ilipoletwa, vichwa vyake vilikuwa vimegeuzwa, chanya ilikuwa upande ambao zamani ilikuwa hasi. Betri za ukubwa huo zinauzwa za aina zote mbili, na muuzaji aliyekuwapo alikuwa na hiyo. Waya wa zamani wa hasi haukufika. Mtu akaukata, akatengeneza kipande kifupi, akakifunga kwenye bodi. Taa zikawaka, honi ikalia, kazi imeisha.

Na haikuleta shida mara moja, kwa sababu kati ya injini na bodi kulikuwa na kamba ya shaba iliyosukwa, ethi ndogo ya msaada. Hiyo ikageuka kuwa njia pekee ya mkondo mzima wa stata, ikauvumilia. Kisha ikaja klachi. Giaboksi linaposhushwa kamba hiyo inafunguliwa, na haikurudishwa. Boliti yake niliikuta mahali pake, imekazwa vizuri, bila kamba.

Ukivitazama hivi viwili kimoja kimoja, hakuna kilichoua stata. Waya uliokatwa ulibebwa na kamba. Kamba iliyopotea isingekuwa na madhara makubwa kama waya wa asili ungekuwepo. Fundi wa betri hakujua litafanyika nini baadaye, wa klachi hakujua kilichofanyika kabla. Aliyekuwa anajua yote mawili ni dereva, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo sikubaliani na mama aliyesema stata ya tatu ilikuwa feki. Ilikuwa nzima. Ilifanyishwa kazi kwa volti saba na ushee, ikatetemeka, ikachoma shaba zake.

Tengenezo lenyewe halichukui maneno mengi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 50, vichwa vyake vimebanwa kwa mashine na si kugongwa kwa nyundo, kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini, kwenye boliti iliyo karibu na stata. Sehemu ya kukalia nikaipiga msasa mpaka chuma cheupe, nikakaza, nikapaka grisi juu baada ya kukaza ili unyevu wa ziwa usiingie. Kamba mpya ya injini na bodi. Kutoka betri hadi bodi nikaacha waya mwembamba kwa ajili ya taa na vinginevyo. Chanya nikabadilisha kichwa kimoja kilichokuwa na ukijani.

Kuhusu unene wa waya kuna ubishi kila siku, kwa hiyo tuweke hesabu. Waya wa shaba wa mita moja na nusu, ukipitisha ampea 300: ukiwa wa milimita za mraba 16 unapoteza karibu nusu volti, ukiwa wa 50 unapoteza 0.16. Hiyo ni shaba halisi. Siku hizi zinauzwa waya nene zinazong'aa ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na hizo zinapoteza zaidi kwa unene uleule. Kwangua kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha dukani. Waya wa kuchomelea ambao ni shaba kweli unafaa sana kwa kazi hii, ni laini na haukatiki kwa mtikisiko.

Vipimo vya mwisho, injini ikizungushwa: betri 10.3, chanya imepoteza 0.3, ethi 0.2, stata inapata 9.8. Dereva alikuwa anachungulia multimita, akaingiwa na wasiwasi: mbona betri sasa inashuka kuliko mwanzo? Inashuka kwa sababu sasa inafanya kazi. Mwanzo ilikuwa inazuiwa. Ilibaki na volti 11 mkononi huku stata ikifa njaa.

Kebo ya akseleta tumebadilisha, maana ganda lililoyeyuka linaweza kung'ang'ania huku mguu umekanyaga. Vijana pia wamekatazwa ule mchezo wa kupiga shoti stata kwa bisibisi kutokea chini ya gari. Gari likiwa kwenye gia, na dizeli iko wazi, linawaka na kuondoka, na aliye chini ndiye anayekanyagwa.

Mama aliuliza kama bado anunue ile mpya ya kwenye boksi, ya akiba. Nilimwambia, akiba anayohitaji ni shaba mbili za solenoidi na kamba moja ya ethi, vikae kwenye kijisanduku cha gari. Mpya za bei rahisi zinazokuja kwenye maboksi mazuri sizipi nafasi mbele ya stata ya zamani iliyofunguliwa na kukaguliwa. Kaboni zake na shaba zake nimeziona. Ile ya 24V bado iko kwake. Nimemshauri amwuzie mtu mwenye gari la 24V, na bamba liachwe wazi.

Jambo moja limebaki. Sili ya nyuma ya injini inatoa jasho la oili ndani ya nyumba ya klachi, karibu na pinyoni ya stata. Kwa sasa ni unyevunyevu tu, haujafika kwenye klachi wala haujaingia kwenye stata, na kushusha giaboksi kwa ajili hiyo peke yake ni gharama isiyo na haraka. Tumekubaliana lisubiri klachi inayofuata. Kwenye kadi ya gari nimeandika kwamba siku hiyo kamba ya ethi ifunguliwe na irudishwe, na volti kati ya injini na hasi ipimwe injini ikizungushwa kabla gari halijatoka gereji, yeyote atakayekuwa fundi.